Chambo cha Njaa

Gunia lilikuwa limefika nusu. Nusu ya unga ilikuwa bado ndani, nusu nyingine imekwisha kupita kwenye chekeche na kulala juu ya turubai, laini, rangi ya karanga zilizokaangwa, bila risasi hata moja. Nilikuwa natikisa polepole. Ukitikisa kwa pupa unga hupaa, na unga ukipaa Kapteni Masumbuko huuliza unakwenda wapi na nani ameuruhusu.

"Kuna kitu?" aliuliza Koplo Sikujua, aliyekuwa amechuchumaa mbele yangu na bunduki yake magotini.

"Bado."

"Lakini kitakuwepo."

"Huenda," nilisema, maana sipendi kumkatisha mtu tamaa kabla sijafika chini ya gunia.

Kazi yangu ni hiyo. Malori ya msaada yakifika kwenye kizuizi chetu, mimi huchekecha unga kabla haujavuka daraja kwenda Lundamo, kuhakikisha kwamba ndani hamna silaha. Zamani nilikuwa nachekecha mchanga wa wajenzi, na hakuna aliyenifundisha kuhamia kwenye unga. Nilijifunza mwenyewe kwamba unga unataka mkono mwepesi na subira. Cheo changu ni Mchekechaji Daraja la Pili. Niliwahi kuuliza kwa heshima lile daraja la kwanza liko wapi, maana mimi naliona hili moja tu, nikaelezwa kwamba hicho ni cheo, si mahali.

Jua likishapinda, upepo huanza. Huvuma kutoka upande wetu kwenda upande wao, kila siku, bila kibali. Unga kidogo huenda nao. Nimewahi kuwaona kina mama wa Lundamo wakifuta mbao za daraja, zile za upande wao, kwa pembe za khanga, kwa makini kama wanaofuta kioo, kisha wakazikunja zile khanga kwa ndani. Kapteni alidhani wanafanya usafi. Aliwasifu.

*

Nchi yetu haina vita. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akapotoshwa na milio. Kilichopo ni Kutoelewana, na kina wizara yake kamili, yenye waziri, naibu waziri na mizinga. Mwaka uliopita Lundamo na serikali hawakuelewana juu ya jambo ambalo sasa hakuna anayelikumbuka sawasawa, na tangu hapo mji ule umezungukwa pande zote ili ukae ufikiri vizuri bila kusumbuliwa.

Naibu Waziri wa Kutoelewana, Mheshimiwa Balozi Kanali Mstaafu Daktari Tindwa, alikuja mwenyewe kutuzindulia kizuizi. Walifunga utepe kwenye gogo lililolazwa barabarani, akaukata, watu wakapiga makofi kwa kuwa sasa njia ilikuwa imefungwa rasmi. Kisha akahutubia.

Alisema serikali yetu ni sikivu, na kwamba kila usiku inasikia Lundamo vizuri kabisa. Alisema mashirika ya nje yanataka kuwapa chakula watu ambao hayajawahi hata kuwaona, na akatuuliza kama tumewahi kumpa chakula mtu tusiyemjua. Watu wengi waliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba wamewahi, lakini akaendelea. Mwisho akanyoosha kidole kwenye ubao uliopakwa rangi juu ya kibanda cha Kapteni, ulioandikwa: WASIWASI NDIYO AKILI.

"Wahenga hawakukosea," alisema. "Wasiwasi ndiyo akili. Na mimi nawahakikishia, ndugu wananchi, serikali yenu ina akili nyingi sana."

Tangu siku hiyo kizuizi chetu kimekuwa na akili. Blanketi jeupe halikupita, kwa sababu blanketi jeupe ukilifunga kwenye mti ni bendera, na hatujui ya nani. Vyandarua havikupita, kwa sababu mtu aliye ndani ya chandarua anakuona na wewe humwoni. Vile vipakiti vya dawa ya watoto wanaoharisha, ambamo mna chumvi na sukari pamoja, Kapteni alifungua kimoja, akaonja, akatema. Aliniambia kwamba chumvi na sukari ni vitu visivyopatana tangu dunia kuumbwa, na ukiona vimekubali kukaa pakiti moja ujue kuna jambo vimepanga.

Hata magunia ya unga wa lishe yalikaa siku kadhaa nje kwa sababu ya picha. Kila gunia lina picha ya mtoto anayecheka. Kapteni alitaka kujua anamcheka nani. Dereva wa lori la kwanza, mtu mpole anayeitwa Matatizo, akajibu kwamba kwa fikira zake mtoto anacheka kwa sababu ameshiba. Kapteni akaniangalia mimi, mimi nikaangalia picha. Nikasema sioni ubaya wa wazi. Ndipo nikapewa ruhusa ya kuchekecha, lakini magunia yalazwe kifudifudi.

*

Lakini kuchekecha peke yake hakutoshi. Sheria inasema msaada wapewe raia, na hapo ndipo Kapteni alipoona ugumu. Mtu wa Lundamo akivuka daraja na kusema yeye ni raia, utamwaminije? Hata adui angesema hivyohivyo.

Kapteni aliwaza juu ya jambo hili kwa muda mrefu, tena kwa nia njema kabisa. Alikuwa polisi kabla ya kuwa mwanajeshi, na huko polisi alikuwa amesikia maisha yake yote habari za raia wema. Kila mwizi aliyekamatwa, alikamatwa kutokana na taarifa za raia wema. Kila gongo iliyomwagwa, ilimwagwa kwa msaada wa raia wema. Basi raia, alisema Kapteni, anajulikana kwa taarifa. Anayetaka unga alete jina la mtu mbaya. Akileta jina, ni raia. Asipoleta, huyo ndiye mtu mbaya mwenyewe.

Wiki ya kwanza watu walivuka wengi. Walitaja majirani, mashemeji, mwalimu mkuu, watu waliokwisha kufa, na mbuzi mmoja ambaye jina lake lilifanana na la mtu. Wiki ya pili wakavuka wale waliotajwa, nao wakawataja waliowataja. Ikawa Lundamo nzima ni raia wema, na Lundamo nzima ni watu wabaya, na unga hauwezi kupewa watu wabaya. Kapteni hakuamini kwamba kanuni yake ina kasoro. Alisema imefanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia.

Mtu mmoja tu hakuwa amemtaja mtu. Naye ni Bi Sekela.

Huyu ni muuguzi. Upande wa pili, katika ghala la zamani la pamba, anakaa na watoto waliokonda kupita kiasi, wale ambao unga huu ulitengenezwa kwa ajili yao. Anavuka daraja mara kwa mara, kavaa gauni lake la kazi lililofuliwa bila sabuni, anasalimia, anaomba unga, anaulizwa jina, anasema hana, anarudi. Akisubiri zamu yake ya kuulizwa, hukaa karibu na turubai langu. Siku moja nilimuuliza watoto wanaendeleaje, kwa kuwa ni adabu kuuliza.

"Wanaolia hawanisumbui, kaka," alisema. "Kuna mmoja, Tumpe, ameacha kulia. Huyo ndiye anayeninyima usingizi."

Nilidhani mtoto asiyelia ni nafuu. Sikusema hivyo. Nilitikisa chekeche, nikaendelea kufikiri, na baada ya muda nikaelewa.

*

Siku ninayotaka kueleza, Bi Sekela alivuka asubuhi, akasimama mbele ya meza ya Kapteni. Alikuwa na sura ya mtu aliyekaa macho.

"Taja jina moja tu, mama," Kapteni alimwambia, na lazima niseme alimwambia kwa upole. "Moja. Nani anawasumbua watu kule?"

"Njaa," alisema Bi Sekela.

Kapteni akakaa vizuri kwenye kiti. "Njaa nani?"

Mimi nilikuwa karibu, na chekeche mkononi. Nilifikiri kumsahihisha Kapteni, lakini si tabia yangu kuingilia kabla sijasikia mwisho. Na kusema kweli kosa lake lilikuwa la kawaida. Kwetu mtoto hupewa jina la hali iliyomkuta. Dereva wa lori aliitwa Matatizo. Koplo aliitwa Sikujua, kwa sababu mama yake hakujua. Kapteni mwenyewe alipewa jina la Masumbuko kutokana na namna alivyozaliwa, na ana shangazi anayeitwa Tabu na mjomba anayeitwa Vita, wote watu wazuri. Kati ya watu kama hao, mtu anayeitwa Njaa hamshangazi yeyote.

Bi Sekela alimtazama Kapteni kwa muda. Niliona jambo likimpita usoni, kisha jambo jingine likija nyuma yake na kukaa.

"Njaa tu, afande," alisema. "Hana ubini."

"Anakaa wapi?"

"Kila nyumba."

"Anahamahama," Kapteni alimwambia Koplo. "Ana silaha?"

"Hahitaji."

"Ameua?"

"Wengi. Huanza na watoto."

Koplo Sikujua alivuta bunduki yake karibu. Hata mimi, ambaye nilikuwa najua, niligeuka nikaangalia nyuma yangu.

"Na watu wanamficha?"

"Hawawezi kumficha. Anaonekana usoni mwao."

Kapteni aliweka kalamu chini. Alisema watu wa Lundamo ni wagumu kuliko alivyodhani: mji mzima umetaja majirani na mbuzi, na huyu ambaye kila mmoja anamjua hakuna aliyemtaja.

"Basi mimi nimemtaja," alisema Bi Sekela. "Sasa mimi ni raia mwema. Nipe unga, afande. Unga ukiingia leo, Njaa ataondoka leo hii."

Kapteni alisimama.

"Ataondoka kwenda wapi?"

Bi Sekela aligeuka akaangalia daraja.

"Nakuuliza, mama. Daraja ni moja. Akitoka kule, si atakuja huku?" Akageuka. "Koplo, waambie malori yarudi nyuma hadi kwenye kona. Hakuna unga kuingia Lundamo mpaka huyu mtu akamatwe."

*

Habari zilikwenda makao makuu kwa redio ya upepo, na huko zikapokewa kwa furaha. Serikali zote tulizowahi kuwa nazo zimeahidi kupambana na njaa. Hii ndiyo ya kwanza kumwandalia pingu. Mheshimiwa Tindwa alitangaza kwamba chanzo cha Kutoelewana sasa kimejulikana, kwamba jina lake ni Njaa, na kwamba hatapewa nafasi ya kupumua. Mchoraji wa wizara alitengeneza picha ya kutafutwa. Kwa kuwa taarifa pekee zilikuwa kwamba anaonekana usoni mwa watu, alichora uso: mashavu yameingia, macho makubwa. Nakala zilibandikwa kwenye kizuizi, na watu waliovuka kutoka Lundamo walikamatwa kwa kufanana naye, wakaachiwa, wakakamatwa tena.

Kilichomtia Kapteni wasiwasi zaidi ni raia wema wa upande wetu. Walianza kuja bila kuitwa. Mwanamke mmoja alisema Njaa yuko nyumbani kwake tangu mwezi wa mfungo. Mwalimu wa shule ya msingi alisema anamfahamu tangu alipoajiriwa. Mzee mmoja alisema, tena kwa kicheko, kwamba alilelewa naye. Kapteni aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akawaambia warudi na wasirudie maneno hayo, kwa sababu upande wetu hauna Njaa, na kusema unaye ni uchochezi.

Mimi sikuulizwa. Kama ningeulizwa ningesema kwamba naye tunafahamiana kidogo, ila hatujazoeana.

*

Bi Sekela alirudi. Safari hii hakuomba unga. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akasema amekuja kusaidia serikali.

Kapteni alimtilia shaka mara moja, jambo ambalo kwenye kizuizi chetu ni dalili ya kusikilizwa.

"Kwetu marehemu baba alikuwa anatega ndezi," alisema Bi Sekela. "Ndezi humfuati shimoni, afande. Utachimba mpaka mgongo uvunjike. Unaweka chambo."

"Njaa anakula nini?"

"Penye uji ndipo habari zake zinapojulikana."

Kapteni alitafakari. Akataka kujua uji huo utawekwa wapi. Bi Sekela akasema utapikwa kwenye ghala la pamba, mbele ya watoto anaowawinda, upoe kidogo, ugawiwe kwenye vikombe.

"Na watoto wataunywa?"

"Wataunywa."

"Basi chambo kitakuwa kimeliwa."

"Chambo kikikaa bila kuliwa, afande, kitachacha. Kikichacha atajua ni mtego."

Kapteni akamgeukia Koplo. Koplo Sikujua alikuwa akiangalia viatu vyake. Huyu bwana ana watoto wake, huko kwao, na si mtu wa kuwazungumzia.

"Uji huchacha, afande," alisema taratibu. "Haraka sana."

Redio ya upepo ikaita makao makuu. Tulimsikia Mheshimiwa Tindwa akipiga kelele kwamba msaada ni marufuku, marufuku kabisa, mpaka Kapteni alipomweleza kwamba si msaada, ni chambo. Kukawa na mkwaruzo wa redio. Kisha sauti ikarudi ikiwa imetulia. Chambo, alisema Mheshimiwa, ni zana ya kijeshi. Zana ya kijeshi ruksa.

Gunia moja likashushwa. Nililivuta kwenye turubai langu na kuanza kulifungua, lakini Kapteni alinizuia.

"Wewe vipi? Hiyo ni zana ya jeshi. Zana za jeshi hazipekuliwi kama zina silaha."

Niliona kuna mantiki ndani yake, ingawa ilinichukua muda kuipata. Aliandika ZANA kwa rangi nyeusi juu ya uso wa mtoto anayecheka, na gunia likavuka daraja kichwani mwa Koplo Sikujua, na Bi Sekela nyuma yake akijitahidi asikimbie.

*

Koplo alirudi asubuhi iliyofuata. Bi Sekela alikuwa pamoja naye. Kwenye kidevu cha Koplo kulikuwa na uji uliokauka, na Kapteni aliuona, akangoja maelezo kwanza.

Koplo alieleza kwa mpangilio. Alijificha nyuma ya marobota ya pamba, bunduki tayari. Uji ukapikwa. Harufu ikaenea. Watoto wakapewa, kijiko kwa kijiko, kwa kuwa muuguzi alikataa wapewe kwa haraka. Yeye alikesha. Hakumwona Njaa akiingia. Bali watu wote aliowauliza walisema kwamba Njaa alikuwepo mpaka uji ulipoiva, na baada ya hapo hawajui alikopitia.

"Hakuna kingine?"

"Kuna mtoto mmoja alilia, afande."

"Alilia vipi?"

"Kwa nguvu. Alikuwa hajalia siku nyingi, wanasema. Anaitwa Tumpe. Alimaliza kikombe, akaangalia ndani, akaona kitupu, akalia." Koplo alisita. "Muuguzi akacheka. Halafu watu wote mle ndani wakaanza kucheka. Hata mimi, afande, samahani."

Kapteni alikunja uso. Alitembea mpaka kwenye gogo akarudi. Hakuwa mtu mkatili, napenda hilo lifahamike; alikuwa mtu aliyefundishwa kwamba kila jambo lina jambo nyuma yake.

"Mtoto asiyelia siku zote," alisema, "analia usiku uleule wa mtego. Na mkisikia kilio, mnacheka. Hiyo ilikuwa ishara. Njaa alionywa."

"Afande," alisema Bi Sekela, "amekimbia. Njaa amekimbia. Si ndicho mlichokuwa mnataka?"

"Tulitaka kumkamata, mama. Mtu akikimbia hujamkamata." Akakaa, akavuta kitabu chake karibu, na nikaona uso wake ukinyooka kama wa mtu aliyepata. "Lakini tumejifunza jambo. Akiona uji, anakimbia. Sivyo, Koplo?"

"Ndivyo, afande."

"Basi tulikosea chambo. Anaogopa uji. Tukiuondoa uji, atarudi. Nyinyi kaeni palepale, na watoto walewale, bila uji. Siku mbili, tatu. Atakuja mwenyewe, na tutamkuta."

Koplo Sikujua alifuta kidevu chake kwa mkono wa shati, polepole. Nadhani Bi Sekela alikuwa akitafuta ndezi mwingine, na hakumpata.

*

Nilirudi kwenye gunia langu, lile la tangu mwanzo, maana amri ya kuchekecha haikuwa imefutwa. Unga hauvuki, lakini lazima ujulikane ni salama. Bi Sekela alikaa chini pembezoni mwa turubai. Hakulia. Alikaa akiangalia unga unavyoshuka.

Jua lilipinda. Upepo ukaanza.

"Kaka," alisema baada ya muda, "unga ukipaa na upepo, nani anaupekua?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu. Kanuni nazijua, maana nilizisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hakuna aliyenisomea. "Upepo haukutajwa," nilisema.

"Na mtu akitandaza mashuka kule kwetu, kwenye kingo za daraja? Ni kosa?"

"Kuanika shuka ni usafi. Kapteni anapenda usafi."

"Mashuka tunayo," alisema. "Hatuna kingine, lakini mashuka tunayo."

Aliinuka, akajipangusa, akamuaga Kapteni kwa adabu, akavuka. Nilimwangalia mpaka alipofika katikati ya daraja, ambapo upepo ulilishika gauni lake na kulivutia mbele.

Nilikwenda kwa Kapteni. Sikuwahi kumpelekea ushauri kabla ya hapo, na alishangaa kuniona nimesimama. Nilimwambia nina wasiwasi.

"Juu ya nini?"

Nilimweleza kwamba malori yamelala pale konani muda mrefu, na kwamba unga uliokwisha kuchekechwa nao umelala nje. Mtu angeweza kuingiza kitu. Kwa maoni yangu magunia yote yachekechwe upya. Tena si hapa, ambapo kuna vichaka na kona na watu wanapitapita. Yachekechwe mahali peupe, ambapo mchekechaji anaonekana pande zote na hawezi kuficha kitu.

"Mahali gani?"

"Katikati ya daraja, afande. Mwanga wa pale ni mzuri, hasa mchana."

Kapteni aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona jirani yake kwa mara ya kwanza. Kisha akatabasamu, akaelekeza kidole kwenye ubao uliokuwa juu ya kichwa chake.

"Hatimaye," alisema, "na wewe umeanza kuwa na akili."

Akatoa kibali. Koplo Sikujua, bila kuamriwa, akaenda kuchukua ncha moja ya turubai, mimi nikashika nyingine, tukalikunja. Dereva Matatizo alikubali kusogeza lori la kwanza mpaka mwanzo wa daraja asubuhi. Gunia langu lilikuwa bado nusu. Nililifunga mdomo kwa kamba, nikalilaza chali, mtoto akaangalia juu na kucheka, na mimi sikumuuliza anamcheka nani. Nilipiga chekeche kwenye goti ili vumbi litoke, nikalitazama likienda.

Kesho, upepo ukishaanza, nitaendelea kutoka hapo. Nafikiri siku zote nimekuwa nikitikisa polepole mno.